Mrejesho: umri wa udongo wa Kilwa

Wakuu, nimerudi na mrejesho. Niliuliza nitajuaje umri wa udongo mgumu wa kijivu niliochukua kwenye korongo huko Kilwa, nikiwa na hadubini tu. Uliyesema nianze kwa kumtafuta Hantkenina, aina ya foraminifera (viumbe vidogo sana vya baharini vyenye gamba) ambayo ilishatoweka, ubarikiwe sana mkuu.

Niliuloweka mpaka ukalainika, nikauosha juu ya chekeche la mikroni 63, nikakausha mabaki. Kuokota foraminifera mmoja mmoja kwa ncha ya brashi iliyoloa kunaumiza shingo, acheni tu. Ila wa Kilwa wanang'aa kama kioo, maana udongo ule haupitishi maji kirahisi na magamba hayajabadilika. Hantkenina wamo! Kila chumba cha gamba kina mwiba wake. Mingi imekatika, lakini kisiki kinaonekana.

Kutoweka kwao ndiko kunakoweka mpaka kati ya Eosini na kipindi cha kijiolojia kilichofuata, Oligosini, miaka milioni 33.9 iliyopita, na tabaka rasmi la kurejelea mpaka huo liko Massignano, Italia. Kwa hiyo tabaka langu ni la Eosini. Foraminifera mwingine, Turborotalia cerroazulensis, naye yumo, na huyo alitoweka mapema kidogo kuliko Hantkenina, hivyo niko chini ya mpaka wenyewe, yaani kwenye tabaka la zamani kuliko mpaka.

Kwa mliohofia kwamba visukuku vilisombwa kutoka tabaka la zamani zaidi: magamba hayajachubuka, na sijaona spishi ya Oligosini hata moja. Mimi hilo limenitosha. Kilichobaki ni kujua kama ni Eosini ya kati au ya juu, na hapo nitahitaji slaidi za nanofosili, yaani visukuku vidogo zaidi ya foraminifera.