Taa za urembo kwenye gari na trafiki: tupeane uzoefu

Binti Mabibo
Wakuu, habari za jioni. Nina IST, rimu na seti za viti nimeshabadilisha, sasa nataka taa: ukanda wa LED chini ya bodi, na mwingine kwenye shoo ya mbele, ule wavu ulio kati ya taa kubwa. Tatizo kila ninayemuuliza ana jibu lake. Mmoja anasema ruksa mradi isiwe bluu, mwingine anasema utaishia kulipa faini kila mataa.

Kaka yangu ana Crown yenye taa za zambarau chini. Usiku mmoja trafiki alimwambia azime tu, akazima, akaenda zake. Baadaye akakutana na mwingine, akaandikiwa elfu thelathini. Gari ile ile, taa zile zile. Aliyefunga, aliyekamatwa, fundi anayefunga, dereva anayekutana nazo barabarani: semeni yaliyowakuta nyie wenyewe. "Nasikia" tuziache.

Safari Ndefu
Dada, mimi naendesha lori, Dar hadi Tunduma. Nikueleze kwa nini hizi taa za shoo ya mbele zinanikera.

Kati ya Mafinga na Makambako, usiku, ukungu kidogo. Naona mbele taa mbili nyekundu, zimekaa kwa upana wa gari. Akili ya dereva hapo haijiulizi: nyekundu ni mgongo wa mtu. Nikajua kuna lori bovu linatambaa mbele yangu, nikaanza kuangalia kulia nilipite. Zile taa zikawa zinakua haraka kuliko inavyowezekana kwa gari ninaloliendea kwa nyuma. Ilikuwa pikapu inakuja, imefungwa ukanda mwekundu kwenye shoo, na taa zake kubwa amezipunguza kabisa. Nilirudi kushoto, akanipita ananipigia honi, kana kwamba mkosaji ni mimi.

Ndiyo maana Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu barabara ulipanga hivyo: mbele nyeupe au njano, nyuma nyekundu, na nyeupe nyuma ni ya kurudi rivasi na ya kumulika namba ya gari tu. Usiku sioni gari lako wala uzuri wake. Rangi ndiyo inayoniambia unakuja au unakwenda. Weka urembo wote unaoutaka, ila usinidanganye upande.

Mpare wa Gongo la Mboto
Safari Ndefu umesema kweli, lakini tusiwasafishe trafiki pia. Mimi nilisimamishwa kwa taa za ndani, zile za miguuni, buluu hafifu. Nikauliza kwa upole, afande, kosa ni lipi? Akasema "hairuhusiwi". Kwa kifungu gani? Kimya. Nikaandikiwa ubovu wa gari. Gari zima, ubovu upo wapi?

Mzee wa Ilala
Mpare, kijana wangu, Sheria ya Usalama Barabarani, Sura 168, ni ya mwaka 1973. Wakati huo hakukuwa na mtu mwenye ukanda wa LED chini ya gari, kwa hiyo usitegemee kuukuta umetajwa kwa jina. Askari analazimika kukuingiza kwenye hali ya gari au kwenye taa kwa ujumla, na hapo ndipo kila mmoja anapima kwa jicho lake. Ushauri wangu: soma kosa lililoandikwa kabla ya kuondoka pale, na kama hulikubali sema hapo hapo kwamba unataka kwenda mahakamani. Ni haki yako.

Lakini vimulimuli, vile vya bluu na nyekundu vya kuwaka na kuzima, hapo hakuna mjadala. Ni vya polisi, zimamoto na gari la wagonjwa. Nimewahi kuona watu wanapisha kimulimuli, kumbe ni kijana na Harrier anawahi harusi. Siku ikija ambulansi ya kweli, hao hao hawatapisha. Hilo linaniuma kuliko faini.

Dere wa Rongai
Salamu kutoka Nairobi. Mimi niko kwenye nganya, matatu ya kifahari yenye michoro na muziki, na bila taa abiria wa jioni hapandi, hasa vijana. Watu wengi hapa walidhani Rais Uhuru Kenyatta aliporuhusu michoro kwenye matatu mwaka 2014, basi na taa pia zimeruhusiwa. Michoro ni rangi ya bodi. Taa ziko chini ya Sheria ya Trafiki, Sura 403, na kifungu cha 55 kinataka gari liwe katika hali isiyohatarisha mtu. Karao, yaani polisi, akitaka kukushika, kifungu hicho kinamtosha.

Mdosi wetu, mwenye gari, alikubali tuondoe zile za kumeta mbele na nyuma, tukaacha za ndani na za dari. Abiria hawakupungua. Kilichobaki ni kwamba taa za ndani zikiwa kali, kioo cha mbele kinageuka kioo cha kujitazamia, barabara huioni. Sasa naweka swichi yao karibu na mkono, nikifika sehemu yenye giza nazima.

Fundi Waya
Nafunga hizi taa, ndiyo kazi yangu, kwa hiyo sina sababu ya kuwatisha wateja. Binti Mabibo, ukanda wa chini hauna madhara makubwa ukifanyiwa kazi vizuri: rangi moja tulivu, hauwaki-na-kuzima, na balbu zenyewe zimejificha, uonekane mwanga kwenye lami tu. Uwe na swichi yake. Waya upite kwenye fyuzi karibu kabisa na betri, na ufungwe usisuguane na chasisi. Gari inayonuka plastiki imeungua huwa ninaikuta na waya uliounganishwa moja kwa moja, bila fyuzi.

Ninachokataa kufunga ni HID, balbu za gesi zisizo na uzi, kwenye taa ya halojeni, ile ya kawaida yenye uzi. Balbu ya H4 ina nyuzi mbili, ful wati 60 na dimu wati 55, na chini ya ule uzi wa dimu kuna kikombe kidogo cha kukata mwanga usipande juu. Kioo cha taa kimepigwa hesabu kwa uzi kukaa pale pale. Ukiweka HID, mwanga unatokea sehemu nyingine na ni mwingi mara mbili au zaidi, unatawanyika hadi kwenye macho ya mwenzako. Wateja wananiambia "mbona mimi naona vizuri?" Wewe ndiyo, yeye je?

Na hizi za kelvini 8000 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga), za kibuluu, zinapendeza kwenye picha. Mvua ikinyesha hazikuonyeshi kitu.

Mtu wa Leicester
Kuongezea kwa Fundi: huku Uingereza ukaguzi wa kila mwaka, MOT, unaiangusha gari yenye taa ya halojeni iliyogeuzwa HID au LED. Jirani yangu Mkongo alirudishwa kwa hilo. Taa za chini ya gari hazijakatazwa kwa jina. Polisi wanaangalia rangi ya mbele na kama zinawasumbua wengine.

Binti Mabibo
Asanteni sana. Ya shoo ya mbele nimeachana nayo, maneno ya Safari Ndefu yamenitosha. Fundi, na indiketa? Nimeona LED zinazokimbia kama mstari, nzuri mno, ila ya rafiki yangu inapepesa haraka mno.

Fundi Waya
Hiyo ni flasha, kifaa kinachoifanya indiketa iwake na kuzima. Ya zamani inapima umeme. Ilizoea balbu ya wati 21, LED inakula kidogo sana, basi inadhani balbu imeungua. Wengi wanaongeza rizista. Inafanya kazi lakini inachemka, isibandikwe kwenye plastiki. Mimi napendelea kubadili flasha yenyewe. Na rangi ibaki ya chungwa, hata muuzaji akikuambia nyeupe ndiyo fasheni. Ukifika dukani nitumie picha ya flasha kabla hujalipa, za IST ziko za aina tofauti.