Gari la sola kwa watoto wa darasa la sita: volti zipo, mota haizunguki

MwlKondoa
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha Sayansi na Teknolojia darasa la sita, shule ya msingi huku Kondoa vijijini. Tumefika kwenye nishati na nataka watoto waone gari linalotembea kwa jua, si picha ya kitabuni. Nina kapaneli ka volti 6 kutoka kwenye taa ya sola iliyokufa, na mota ya deki ya DVD. Nikiunganisha darasani chini ya taa, mota haistuki hata kidogo, ilhali mita inasoma volti 4 na ushee. Tatizo nini? Pili, najua litakuja swali: "Mwalimu, mbona Haisi za kwenda Dodoma hazitumii jua?" Nataka jibu lisilo la kukwepa.

FundiJua
Mwalimu, heshima yako. Umeunganisha sawasawa. Volti zipo, ampia hamna, yaani wingi wa umeme unaopita ni mdogo mno. Mita haili umeme, mota inakula. Jua la saa sita linaishinda taa ya darasani zaidi ya mara mia; sisi hatuoni tofauti hiyo kwa sababu macho yanajirekebisha yenyewe.

Somo ningelianzia hapohapo. Liwashe gari darasani, likatae mbele ya watoto wote, waache wabishane. Halafu libebe mpaka uwanjani. Na betri usiweke, hata akushauri nani. Ukiweka betri watoto hawajui tena kinachosukuma ni nini.

Likishatembea, itazame hiyo paneli: ina vipande vyembamba vimejipanga, kwa volti 6 mara nyingi ni 12, vimeungwa mfululizo. Mwite mtoto mmoja afunike kipande kimoja tu, chote, kwa kidole. Wenzake watategemea gari lipunguze mwendo kidogo. Litakwama! Umeme unapita kipande hadi kipande, kimoja kikizibwa wote umezibwa. Nina wateja wanafunga paneli chini ya mwembe halafu wananipigia simu kulalamika kwamba nimewauzia feki.

Mota ya deki ina kasi ila haina nguvu, usiifunge kwenye gurudumu moja kwa moja. Weka roda (gurudumu la mkanda) kubwa kwenye ekseli, na mpira wa kufungia pesa uwe mkanda kati ya mota na roda. Kwenye kijiti cha mota kinachozunguka vika kale kampira kembamba ka valvu ya baiskeli, mkanda hautateleza. Ekseli ni spoku ndani ya mrija wa soda. Bodi, ile foma nyeupe inayokuja na TV.

MamaWawili
Fundi umesema kweli kuhusu betri. Shuleni kwa mwanangu waliletewa bajaji yenye paneli juu, watoto wakashangilia, picha zikapigwa. Mmoja akauliza usiku inatembeaje, akaambiwa akae chini. Swali zuri kuliko hotuba zote za siku ile.

Mtz_Kampala
Mwalimu, waambie Uganda walishazindua basi la sola, Kayoola, mwaka 2016, la abiria 35. Kwa hiyo Haisi inawezekana.

FundiJua
Mtz_Kampala, taratibu mkuu. Kayoola lilikuwa basi la betri, paneli za juu zinasaidia kuchaji. Ni kazi nzuri, lakini mtoto asidhani jua ndilo lililokuwa likilibeba.

Mwalimu, swali la Haisi lijibu kwa hesabu, wa darasa la sita wanaiweza. Jua la utosini linaleta kama wati 1,000 kwa kila mita moja ya mraba. Paneli nzuri inakamata sehemu moja kati ya tano, yaani 200. Paa la Haisi tuseme lina mita za mraba 6 za kutandika paneli: wati 1,200. Hiyo ni pasi moja ya umeme! Nguvu farasi moja ni wati 746, kwa hiyo umepata farasi moja na nusu, wakati injini ya petroli ya Haisi inakaribia farasi 150. Na hapo bado hujapakia magunia.

Wakikata tamaa, wape Australia. Tangu 1987 kuna mashindano ya magari ya jua kutoka Darwin hadi Adelaide, kama kilomita 3,000. Mshindi wa kwanza, Sunraycer, alikwenda kwa wastani wa kilomita 67 kwa saa. Wamewezaje? Gari jepesi mno, dereva mmoja amejilaza, umbo la kukata upepo. Jua lilelile. Ndiyo maana nakwambia foma, usitumie mbao.

MwlKondoa
Asante sana fundi. Hesabu ya pasi naiandika ubaoni kama ilivyo, nao watafute wenyewe Haisi inahitaji paneli ngapi. Mpira wa pesa huku sina, nikikata tyubu ya baiskeli itafaa?

FundiJua
Itafaa, ila ikate nyembamba kama njiti ya kiberiti na usiikaze sana, itaielemea mota. Na paneli ifute vumbi kwanza, Kondoa nakujua.