Huyu mama wa Kiingereza aliwapataje wadudu wa nchi nzima?

mkulima_wa_jioni: Wakuu habari za saa hizi. Nimekutana na habari za Eleanor Ormerod, Muingereza wa enzi za Malkia Victoria, eti kuanzia 1877 karibu kila mwaka alikuwa anatoa ripoti ya wadudu waharibifu wa mazao Uingereza. Sasa mtu mmoja, tena hana mshahara, aliwapataje hao wadudu wote? Alizunguka shamba kwa shamba au? Na michoro nani alichora?

nondo_mweupe: Hakuzunguka mkuu, posta ndo ilimzungukia. Alichapisha kijitabu cha kuomba watu wamwandikie wanachokiona, basi mkulima akikuta mdudu hamjui kwenye turnipu anamtia kwenye kikopo na jani lake, anaeleza kamkuta lini na kaharibu nini, anatuma, yeye anamtambua anajibu halafu maelezo ya wote anayaunganisha kwenye ripoti, ndo maana ripoti imejaa maneno ya wakulima wenyewe. Na tangu 1840 barua nyepesi ilikuwa peni moja tu, popote Uingereza. Michoro mingi ni ya dada yake Georgiana, waliishi wote St Albans mpaka dada akafariki 1896.

Mama Ngozi: Mi kilichonivutia ni ishu ya funza wa ng'ombe, wale wanaotoboa mgongo wakitoka, ngozi inabaki matundu matupu. Huyu mama alikuwa anapokea mpaka vipande vya ngozi vilivyotobolewa! Hebu fikiria postamani anakuletea hiyo mlangoni.

shomoro_huru: Msimpambe sana jamani. Huyohuyo ndo alipigia debe ile dawa ya kijani ya Paris kwenye miti ya matunda, ina aseniki ile, sumu kali, tena alijivunia akatamani iandikwe kwenye kaburi lake. Na shomoro alitaka wauawe.

nondo_mweupe: @shomoro_huru kweli kabisa, ila wakati huo viwavi walikuwa wanamaliza majani yote ya mitofaa, wenye mashamba wangefanyaje? Chuo Kikuu cha Edinburgh walimpa udaktari wa heshima 1900, mwanamke wa kwanza kupewa heshima hiyo pale chuoni, mwaka uliofuata akafariki.

mkulima_wa_jioni: Aisee asanteni. Kumbe wenzetu walituma mdudu na maelezo juu, kwenye grupu letu mtu anatupia picha ya jani lenye tundu, mdudu mwenyewe hayupo, halafu "nipige dawa gani wadau"