Gogo la njano: mchungwa kweli au nimepigwa?

Wakuu, nimenunua gogo nichonge miiko, muuzaji anadai mchungwa, majani hakuna gome hakuna, nitajuaje?

— Lainisha kichwa cha gogo kwa wembe mkali, lowesha kidogo halafu chungulia kwa lenzi ya mara 10. Mchungwa vitundu vyake vidogo vimetawanyika kote, na utaona vimistari vyeupe vyembamba vinazunguka kama duara. Ila kutenganisha mchungwa na mlimau kwa mbao tu, hiyo sahau!

— Na mjafari je? Nao ni ukoo huohuo na mbao yake ina unjano. Shida gome ndo lingekwambia fasta, lina vinundu vya miiba mpaka shinani.

— Vimistari nimeviona mkuu, vipo 😅 naanza kuchonga.