Alama za majaribio ya mtandaoni zinapanda, uelewa haupandi: kasoro iko wapi?

ChakiNyeupe
Walimu wenzangu, habari za kazi. Darasa linapewa maswali 10 ya kuchagua kwenye Google Forms kila mada inapoisha. Wengi wanapata 8 au 9. Swali lilelile likija kwenye karatasi bila majibu ya kuchagua, wanakwama. Wanaruhusiwa kurudia, na majibu wanayaona papo hapo. Nibadili maswali au mipangilio?

Mtunzi_Mitihani
Vyote viwili, mwalimu, ila anza na maswali. Kila kipotoshi (jibu lisilo sahihi kati ya yale ya kuchagua) kitokane na kosa ambalo wanafunzi hulifanya kweli. Chukua 3/4 + 1/2, jibu 5/4. Vipotoshi viwe 4/6 (kajumlisha juu kwa juu, chini kwa chini), 4/4 (kachukua asili, yaani namba ya chini, ya 4 lakini hakubadili kiasi, yaani namba ya juu, cha sehemu ya pili) na 3/8 (kazidisha). Anayechagua 4/6 ameshakuonyesha alipopotelea. Ukiweka 17 na 100, hata asiyejua sehemu ataziondoa, na hapo umebaki na majibu mawili ya kubahatisha. Epuka "yote hapo juu": akishatambua mawili kuwa sahihi, la tatu halisomi. Angalia na urefu pia, maana jibu sahihi mara nyingi huandikwa refu kuliko mengine na wanafunzi hulinusa upesi.

Nukta7
Nakubaliana, lakini hapa mipangilio ndiyo inayoharibu zaidi. Mwanafunzi akishaonyeshwa jibu kisha akarudia, unapima kumbukumbu ya dakika mbili zilizopita. Kwenye mipangilio ya jaribio acha maswali aliyokosa yaonekane, zima kuonyesha majibu sahihi. Halafu kwenye mrejesho wa jibu lisilo sahihi andika dokezo: "Asili za sehemu hizi zinalingana? Zilinganishe kwanza." Google Forms hutoa mrejesho mmoja tu kwa majibu yote yasiyo sahihi, ukitaka kila kipotoshi kiwe na maelezo yake, Moodle (mfumo wa kufundishia mtandaoni) inaruhusu. Huko pia unaweza kuweka maswali 30 kwenye benki ya maswali na kila jaribio likachota 10 kwa nasibu.

Maswali matatu au manne yafanye ya jibu fupi. Tahadhari: mfumo hulinganisha na ulichoandika wewe, kwa hiyo orodhesha 5/4, 1 1/4 na 1.25, la sivyo aliyepatia atahesabiwa kakosa.

ChakiNyeupe
Asanteni sana. Na yale mashindano ya Kahoot (mchezo wa maswali mtandaoni) darasani?

Mtunzi_Mitihani
Yanachangamsha, ila kwa kawaida Kahoot hutoa pointi nyingi kwa anayewahi, na anayefikiri taratibu huishia kubahatisha. Yatumie kurudia istilahi, hesabu za hatua nyingi ziache.

Jambo jingine ni muda. Utafiti wa wanasaikolojia Roediger na Karpicke wa 2006 ulionyesha kwamba baada ya dakika 5 waliosoma tena walikumbuka zaidi, lakini baada ya wiki 1 waliojipima ndio waliokuwa mbele. Kwa hiyo jaribio la dakika ileile mada inapoisha linakudanganya. Kati ya maswali 10, weka 6 ya mada mpya na 4 ya mada za nyuma. Yale 4 ndiyo ya kuyatazama kwanza kwenye muhtasari wa majibu: kipotoshi kilichovuta wengi ndicho cha kufundisha upya, na kisichochaguliwa na yeyote kibadilishe.