Tupeane uzoefu: umewahi kumpigia debe mgombea wa chama cha taaluma ukajuta?

Daftari Jekundu: Wakuu, chama chetu cha wahasibu kinachagua viongozi mwezi ujao. Watia nia watatu, wote wamenipigia simu wiki hii, wote ghafla wanajua jina la mwanangu. Uchaguzi uliopita nilimfuata rafiki, nikaula wa chuya. Waliopita huku, mlipima vipi?

Nesi wa Zamu: Natazama nani aliwahi kujibu barua pepe yangu kabla hajataka kura. Basi.

Mzee Nyundo: Umenitonesha kidonda. Mimi nilikuwa mpendekezaji, sahihi yangu ndiyo ya kwanza kwenye fomu. Tulisoma naye, mdomo wake asali. Siku ya mkutano mkuu akamwaga sera mpaka watu wakasimama: bima, mafunzo ya bure, ada kushuka. Mama mmoja, mhandisi wa maji, akanyoosha mkono. "Mwanangu, umekuwa mjumbe wa kamati tendaji miaka miwili. Umehudhuria vikao vingapi?" Jamaa: "Vingi, mama." Mama wala hakubishana, alimgeukia katibu akaomba mahudhurio yasomwe kwenye mihtasari. Vikao 11. Jamaa kaonekana 2, na kimoja alitoka kabla ya mengineyo. Mimi niko mstari wa mbele, nimevaa fulana yenye sura yake! Akavuta kipaza sauti: "Mpendekezaji wangu ndiye aliyekuwa anikumbushe tarehe." Ukumbi mzima ukanigeukia. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.
Na alishinda. Kwa kura 4.

Nesi wa Zamu: Kura 4!! Na wewe ulimpa?

Mzee Nyundo: Kura ni siri, dada.

Kiboko ya Mahesabu: Kampa huyo 😂

Chepe na Ramani: Kampa, tena na fulana juu.

Daftari Jekundu: Jamani, mada.

Chepe na Ramani: Haya. Soma hesabu zilizokaguliwa. Anayeahidi kushusha ada huku akiongeza huduma, muulize sekretarieti italipwa na nini. Akianza na "wafadhili", mshukuru uondoke.

Kiboko ya Mahesabu: Sera mapambo tu. Kwetu rais ana kura moja kwenye baraza kama mjumbe mwingine. Mimi nahangaika na mweka hazina na katibu, rais yeyote sawa.

Mzee Nyundo: Rais yeyote? Wewe hujaumwa na nyoka.

Pipeti: Sisi kwenye karatasi ya kura tunapanga wagombea kwa namba, 1 ndiye unayemtaka zaidi, kama wanasaikolojia wa Marekani kwenye chama chao, APA. Ushauri: andika 1 tu. Ukiweka 2 unamchimbia kaburi mtu wako.

Kiboko ya Mahesabu: Uongo. Namba 2 yako haiguswi mpaka namba 1 wako awe ametolewa kwa kuwa na kura chache. Ukiacha wazi, akitoka na kura yako imekufa.

Pipeti: Umewahi kuhesabu?

Kiboko ya Mahesabu: Mara tatu. Wewe umewahi kusoma kanuni?

Nesi wa Zamu: Mkimaliza, lipeni ada. Mwaka juzi nilipanga foleni saa nzima, kufika mezani simo kwenye orodha. Niliyemkampenia alikuwa ananiangalia.

Daftari Jekundu: Mzee Nyundo, swali la pembeni. Mmoja wa hawa watatu kaniletea fomu nimpendekeze, mwisho ijumaa. Na fulana, tena saizi yangu.

Mzee Nyundo: Fulana pokea, utaoshea gari. Fomu omba mihtasari kwanza.