Fyuzi ya taa za nyuma inaungua mara kwa mara, fundi anataka kuweka ya 20. Nikubali?

MsafiriWaMalaba

Habari zenu ndugu. Naomba ushauri kabla sijarudi barabarani.

Nina gari la familia, mtumba wa Japani, lile la mlango wa nyuma unaoinuka juu. Usiku nikiwasha taa, zile kubwa za mbele zinawaka vizuri, lakini taa nyekundu za nyuma, taa za namba na mwanga wa dashibodi vinazimika kwa pamoja. Nikikanyaga breki, taa za breki zinawaka. Kinachoungua ni fyuzi iliyoandikwa TAIL, nyekundu ya ampea 10. Nikiweka mpya inakaa siku kadhaa kisha inaungua tena, hasa nikishapakia mizigo nyuma.

Juzi iliungua nikiwa Iganga, giza limeshaingia. Barabara ile mnaijua, malori ya mpakani Malaba hayalali. Fundi wa kando ya barabara akasema 10 ni ndogo, tuweke 20. Mwenzake akataka kukunja ile karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara aichomeke pale, eti itanifikisha nyumbani. Nilikataa yote mawili, nikalala Iganga.

Je, yule fundi yuko sahihi? Na mimi nisiye fundi naweza kukagua fyuzi mwenyewe bila kuharibu kitu au kupigwa na umeme?

DerevaTaksi_Jinja

Pole sana ndugu. Kulala ulifanya vyema. Gari lisilo na taa nyuma pale msitu wa Mabira, mwenye lori anakuona akiwa ameshakufikia.

Ila kuhusu fyuzi usiogope mno. Madereva wengi stendi kwetu ya 10 ikisumbua tunaweka ya 15 na kazi inaendelea.

FundiUmeme_Ndeeba

Msafiri, pole kwa safari. Ya 20 usiweke. Na kaka yangu wa Jinja, kwa heshima nakupinga, hata 15 hapana.

Tupige hesabu. Taa ndogo mbili za mbele, mbili za nyuma, mbili za namba. Balbu zake kwa kawaida ni za wati 5, jumla wati 30. Gawanya kwa volti 12, unapata ampea mbili na nusu. Ongeza vibalbu vya dashibodi, bado hata 5 hufiki. Kwa hiyo 10 si ndogo, ina nafasi tele. Ikiungua mara kwa mara, tafuta waya uliochubuka unaogusa bodi. Hiyo ni shoti, na shoti haiponi kwa kuongezewa fyuzi.

Ile namba 10 imepangwa kulingana na unene wa waya. Fyuzi inatakiwa ife kabla waya haujapata moto. Ukiweka 20, waya ndio unaotangulia: mpira wake unayeyuka, unashikana na nyaya za jirani, na moto unaanzia nyuma ya dashibodi au chini ya zulia, mahali usipopaona mpaka moshi utoke. Karatasi ya sigara ni hatari kupita hiyo, kwa sababu hakuna anayejua itakatika kwenye ampea ngapi.

Kukagua mwenyewe unaweza. Volti 12 hazitakupiga, ila zinaunguza: pete au saa ya chuma ikigusa chanya ya betri na bodi kwa wakati mmoja, inakula nyama. Vua kwanza. Zima taa, zima injini, toa ufunguo. Magari mengi ya Kijapani yana visanduku viwili vya fyuzi, kimoja chini ya dashibodi na kingine chini ya boneti karibu na betri. Mchoro wa kwenye kifuniko huwa na Kijapani kingi, basi piga picha ya fyuzi zilivyokaa kabla hujagusa kitu. Mara nyingi ndani ya kisanduku cha boneti kuna kibanio kidogo cha plastiki. Tumia hicho, vuta fyuzi wima. Koleo la chuma na bisibisi weka mbali.

Iinue fyuzi kwenye mwanga. Kiwaya cha ndani kikiwa kimekatika, imekufa. Plastiki ikiwa imeingia weusi, shoti ilikuwa kali. Mpya iwe na namba ileile na umbo lilelile. Rangi zinasaidia: kahawia 7.5, nyekundu 10, buluu 15, njano 20, kijani 30. Lakini soma namba, rangi hupauka.

Usiguse vitu viwili. Fyuzi kubwa karibu na betri zilizofungwa kwa skrubu, za 80 au 100 na kuendelea, mwachie fundi, naye ataanza kwa kufungua hasi ya betri. Na soketi za manjano ni za mifuko ya hewa. Hizo hata testa usiziwekee.

DadaWaEntebbe

Asante fundi kwa kutueleza taratibu hivi. Langu ni la haibridi, linalotumia petroli na umeme, nalo nifanye hivyohivyo?

FundiUmeme_Ndeeba

Dada, fyuzi ndogo za taa na redio ni zilezile za volti 12, taratibu ni hiyohiyo. Lakini nyaya nene za rangi ya chungwa zina volti za kuua. Usizisogelee wala usimruhusu fundi wa kubahatisha azisogelee.

Mwl_Tororo

Mwongeze la mita ya kupimia umeme, fundi. Kichwani mwa fyuzi kuna vitobo viwili vyenye chuma. Weka waya mweusi wa mita kwenye bodi, mwekundu gusa kitobo kimoja kisha cha pili. Pande zote mbili zikisoma volti kama 12, fyuzi nzima. Upande mmoja 12 na mwingine sifuri, imekatika. Ila kwa hii ya TAIL lazima uwashe taa ndogo kwanza, maana kwenye magari mengi inapata umeme swichi ya taa ikiwashwa tu. Taa zikiwa zimezimwa utasoma sifuri kote, uanze kuhangaika na mahali pasipo na tatizo.

FundiUmeme_Ndeeba

Sahihi kabisa Mwalimu.

Sasa Msafiri, umesema inaungua ukishapakia mizigo nyuma. Ukipakia unafungua na kufunga ule mlango. Taa za namba kwenye magari ya aina hiyo kwa kawaida ziko mlangoni, na nyaya zake zinapita kwenye mpira wenye mikunjo pale juu, karibu na bawaba. Mlango unavyoinuka na kushuka, nyaya zinakunjwa na kukunjuliwa miaka yote tangu Japani. Anzia hapo. Zima taa, chomoa mpira upande mmoja, uurudishe nyuma, angalia waya mmojammoja.

MsafiriWaMalaba

Ndugu zangu, nimerudi. Nimechomoa ule mpira leo asubuhi. Nyaya mbili zimepasuka ganda, mmoja shaba iko nje kabisa na umeacha alama nyeusi kwenye ukingo wa bati. Ninavyowaandikia moyo umetulia, kwa sababu gari hili linabeba watoto wangu. Je, nizungushie tepu tu nifunge?

FundiUmeme_Ndeeba

Tepu peke yake hapana. Pale panakunjwa kila siku, na jua letu litalainisha gundi yake mapema. Kata kipande kilichopasuka, unganisha waya mpya wa gari wenye nyuzi nyingi nyembamba na unene uleule. Ule mgumu wa nyumbani utavunjika. Kiungo kisikae kwenye mkunjo, kiingize ndani ya bodi au ndani ya mlango. Kilehemu, kisha ukivishe kimpira kile kinachonywea kwa joto. Acha waya uwe na ulegevu kidogo ili mlango ukiinuka usivutike. Ukaguzi uwe wa nyaya zote, hata zile zinazoonekana nzima, kwani umri wao ni mmoja.

Ukimaliza weka 10, washa taa, mtu mmoja ainue na kushusha mlango huku wewe unatazama dashibodi.

DerevaTaksi_Jinja

Fundi, nimekuelewa. Yangu ni taksi ya mlango wa kuvuta ubavuni. Nianzie wapi?

FundiUmeme_Ndeeba

Kaka, rudisha 10 kwanza. Kisha tazama nyaya za taa za nyuma zilizo chini ya viti, pale miguu ya abiria na magunia vinaposugua, na kila mahali mtu alipounganisha redio au taa za mapambo. Ukija Kampala kununua fyuzi pale soko la vipuri la Kisekka, chukua za pakiti iliyofungwa. Zipo za bandia ambazo hazikatiki hata zikizidiwa, na hizo hazina tofauti na karatasi ya sigara.